Nambale: Raha ya Kutembea Gizani na Watoto

UKIMWULIZA mtoto wa Nairobi giza ni nini, atakujibu pasi na kufikiri kwamba giza ni stima kupotea. Kwake giza si wakati wa siku bali ni hitilafu, jambo la kumkimbiza baba kutafuta mshumaa na mama kuuliza kama jirani naye hana. Watoto wangu wawili, binti wa miaka 8 na mdogo wake wa kiume wa miaka 5, walikuwa hivyo hivyo hadi likizo ya Aprili mwaka huu, nilipofunga nao safari ya kwenda kwa mama yangu mzazi huko Nambale, Kaunti ya Busia. Mama watoto alibaki kazini. Nami nilikwenda nikiwa na ajenda yangu ya siri, ambayo nitaieleza tukifika.

Rafiki yangu mmoja aliyesomea London alinisimulia kwamba kule, mwezi wa Desemba, jua huzama kabla ya saa kumi alasiri. Wazazi wasiotaka kufungiwa ndani na watoto kama kuku huwavisha makoti na glavu, wakatoka nao kutembea gizani, na watoto hulingoja jambo hilo kwa hamu mwaka mzima. Nilicheka aliponieleza. Sisi wa ikweta hatuna haja ya kungoja majira. Nambale haifiki hata nusu digrii kaskazini mwa mstari wenyewe, na jua lake huzama kati ya saa kumi na mbili unusu na saa moja jioni, uwe Januari ama Agosti. Kwa kuwa mji uko magharibi kabisa mwa nchi, mtu wa Mombasa huwa amekwisha kuwasha taa kama dakika 20 hivi kabla ya jua la Nambale kuzama. Lakini likizama limezama. Ukihesabu dakika nyingine 20, huwezi kumtambua ng'ombe mweusi aliyesimama mbele yako.

Nambale ni mji mdogo kwenye barabara inayotoka Mumias kwenda Busia, katika nchi ya Wakhayo, mmojawapo wa jamii za Waluhya. Wengi wanaijua kwa jina la eneo bunge, ama kwa dayosisi ya Kianglikana inayoitwa hivyo. Sokoni kuna maduka, mashine za kusaga, wauza omena na vijana wa bodaboda wanaongoja abiria. (Msomaji, usisahau kwamba neno bodaboda lenyewe ni la huku mpakani. Lilianzia kwa vijana wa baiskeli waliokuwa wakibeba watu na mizigo baina ya vituo vya forodha vya Kenya na Uganda, kutoka boda hadi boda. Busia na Malaba wanazozana hadi leo kuhusu nani alianza, nami mtu wa Nambale siwezi kuwaamua.) Ukiiacha lami tu, miwa inaanza, na kati ya miwa kuna mahindi, mihogo, mtama na vijia visivyo na majina. Boma letu liko ndani huko.

Tulifika asubuhi kwa basi la usiku. Mchana ulipita kwa maembe na kufukuza kuku. Saa moja na nusu jioni, mara tu tulipomaliza kula, nikamwona mama akifunga chupa ya uji wa wimbi kwenye leso, akachukua fimbo yake mlangoni.

"Mama, unakwenda wapi saa hizi?"

"Kwa senge yako."

Senge, kwa wasiojua, ni shangazi, dada ya baba. Huyu wetu alirudi nyumbani kwao alipofiwa na mumewe, akajengewa nyumba upande wa pili wa shamba, mwendo wa kama robo saa kwa miguu. Mwaka jana alianguka akavunjika nyonga na tangu hapo hatembei. Mchana anao watu wa kumtazama. Jioni, mama humpelekea uji, akakaa naye kidogo, akarudi. Hajakosa jioni hata moja.

Nikamwambia kwamba vijana wa bodaboda wako tele, ningempa mmoja wao pesa kidogo apeleke chupa kila jioni kwa mwezi mzima.

"Pikipiki itapeleka uji," akasema. "Na maneno yatapelekwa na nani?" Kisha akawageukia wajukuu. "Vaeni viatu."

Hapo ndipo nilipogundua kwamba mwoga alikuwa mimi. Nilikulia katika boma hilo hilo, lakini nilikua nikiogopa wanga, wale wachawi wanaosemekana kukimbia uchi usiku wakibisha milango ya watu. Nikiwa na umri wa miaka 10 nilitumwa chumvi jioni, nikasikia kishindo katika migomba, nikatimua mbio nikapoteza kiatu na chumvi. Asubuhi ikadhihirika kwamba mwanga wangu alikuwa punda wa jirani aliyekatika kamba. Hata hivyo, hofu haikuondoka pamoja na punda. Niliipeleka Nairobi, ikapata kazi nyingine: wezi, magari, mtu anayekufuata nyuma. Sikuwa nimewahi kutembea usiku na wanangu hata hatua mia moja.

Tukatoka. Mimi nikiwa na tochi kubwa niliyoinunua makusudi. Hatujafika langoni mama akasema, "Zima hiyo."

Nikadhani anatania. Akasema kwamba tochi humwonyesha mtu shimo moja na kumficha mengine yote. Tulizima. Giza likatufunika kama blanketi lililolowa, mdogo akaanza kulia, na bibi yake wala hakumwambia anyamaze. Alimwuliza tu, "Unasikia nini?" Mtoto akanyamaza ili asikie. Vyura. "Na nini tena?" Nyenje. Mbwa, mbali. Redio ya mtu. Mama alisimama pale kama dakika 10, akiuliza, nami nikaona kidogo kidogo ukingo wa njia ukijichora, kisha vichwa vya miwa dhidi ya mbingu, kisha meno ya binti yangu aliyekuwa akitabasamu. Wataalamu wa macho hutuambia kwamba jicho huhitaji kama nusu saa kulizoea giza sawasawa, na kwamba mwangaza mkali wa nukta chache tu huirudisha kazi hiyo mwanzo. Mama hakusoma hayo popote.

Tulikuwa na kanuni zetu, na ni vyema nizitaje kwa mzazi anayetaka kujaribu. Kila mtu gambuti miguuni, kwani kifutu ni nyoka mvivu, hulala njiani akijiota joto la udongo wala hampishi mtu. Fimbo hugongwa chini mbele ya hatua ya kwanza. Tochi ilibaki mfukoni mwangu, na iliwashwa mahali pawili tu: penye nyasi ndefu na penye kidaraja cha magogo. Katika kile kipande cha barabara tulichopitia, watoto walivaa fulana nyeupe na tukatembea upande wa kulia tukiyaelekea magari, maana pikipiki nyingine huja bila taa, dereva akimtegemea Mungu. Mikono mirefu na soksi kwa sababu ya mbu, na kabla ya saa tatu tuko nyumbani chini ya neti. Hili la mwisho si mzaha. Busia ni miongoni mwa kaunti 8 za magharibi mwa Kenya ambako chanjo ya malaria ilianza kutolewa kwa watoto kwa majaribio mwaka 2019, na haikuchaguliwa kwa bahati. Mbu wa malaria hupenda zaidi usiku mkuu watu wakiwa wamelala, lakini hakuna aliyetia sahihi mkataba naye.

Kanuni nyingine sikuijua. Ukisikia nyayo zinakuja, wewe salimu kwanza, kwa sauti. "Mulembe!" Na yule aliye gizani hujibu "Mulembe!" na mara nyingi hutaja yeye ni nani na anatoka wapi. Mtu mwema hujitambulisha, alisema mama. Asiyejibu ndiye wa kupishwa. Siku ya tatu watoto wangu walikuwa wakishindana nani awahi kusalimu, na wanakijiji walifurahi kusikia sauti nyembamba zenye lafudhi ya Nairobi zikiwaamkua kutoka kwenye miwa. Mzee mmoja aliyekuwa akisukuma baiskeli alisimama akacheka hadi akakohoa.

Kulikuwa pia na kirukanjia. Najua mjini jina hilo limepewa kazi nyingine, lakini mwenye jina ni ndege. Huketi katikati ya njia usiku, rangi yake ni ya udongo na majani makavu hata humwoni, na unapokaribia kumkanyaga huruka bila kishindo na kutua hatua 20 mbele, kukungoja tena. Alitusindikiza hivyo karibu kila jioni. Mdogo akaamua kwamba ndege huyo ameajiriwa na kukhu.

Jioni ya nne mvua ilinyesha tangu saa tisa hadi saa kumi na mbili, mvua ile ya Aprili isiyopiga hodi. Ilipokatika, hewa ikawa nzito na yenye joto, na mama akatoka nje akanusa. "Leo watatoka," akasema.

Walitoka. Msomaji ambaye hajawahi kuona kumbikumbi wakitoka, samahani, sijui nikueleze vipi. Kichuguu kilicho karibu na njia yetu, ambacho mchana ni rundo la udongo tu, kilikuwa kikichemka. Kwenye vijitundu vyake askari wenye vichwa vikubwa walisimama walinzi, na katikati yao wakamiminika wale wenye mabawa, mamia kwa mamia, wakipanda juu kama moshi unaometa. Binti alinyosha mikono wakamtua mpaka kwenye nywele. Mdogo alicheka kicheko ambacho sijakisikia tangu akiwa mtoto wa kubebwa.

Waluhya wengi humwita mdudu huyu tsiswa, na kuna elimu nzima juu yake. Wako wanaotoka mchana, ambao huitwa kwa kugongagonga vijiti juu ya kichuguu hadi wadhani ni mvua. Wako wa usiku, na hao hufuata mwanga. Zamani tulichimba shimo dogo, tukasimamisha koroboi ukingoni, nao wakizunguka taa huangukia shimoni. Siku hizi wengi vijijini wana stima, tangu mradi wa serikali wa kuzisogeza hadi nyumba za mashambani ulipoanza mwaka 2015, na mtu huweka karai la maji chini ya balbu ya ukutani. Mama bado anapendelea koroboi. Anasema balbu huwaita wa kijiji kizima na kusababisha ugomvi.

Binti yangu aliniuliza wanakwenda wapi. Nikamweleza nilichokumbuka: kwamba wanaoruka ni maharusi. Wakishuka hupoteza mabawa, hutafutana wawili wawili, huchimba udongo uliolainika kwa mvua na kuanza kichuguu kipya. Wengi mno huliwa na ndege, popo, vyura na sisi. Wachache huponea, na malkia anayefaulu anaweza kuishi miaka mingi, akitaga maelfu ya mayai kwa siku. Na ndani ya vichuguu vya jamii fulani, mchwa hulima ukungu wao wa chakula, ambao mvua zikija huchipuza nje uyoga mkubwa mweupe tunaougombania sokoni.

"Kwa hivyo nao wanatembea usiku na watoto wao," akasema mdogo. Sikumsahihisha.

Tulimfikia senge tukiwa tumechelewa, na bakuli la kumbikumbi likiwa bado linatambaa. Wakakaangwa pale pale katika sufuria kavu, bila mafuta, maana wao wenyewe ni mafuta. Wakapepetwa mabawa kwenye ungo, wakatiwa chumvi. Senge, ambaye uji huo wa wimbi huwa anaunywa vijiko vitatu tu na kusukuma kikombe, alikula kumbikumbi viganja viwili na ugali wa muhogo na mtama uliobaki mchana. Alimshika mdogo kidevu akamwambia kwamba baba yake, yaani mimi, alilia sana mara ya kwanza alipowaona. Hayo nilikuwa sijawahi kuambiwa.

Tulipokuwa tukirudi mawingu yalipasuka. Upande wa magharibi, juu ya mwanga hafifu wa mji wa Busia, Kilimia kilikuwa kinainama kuzama, kile kishada cha nyota ambacho jina lake limetokana na kulima. Kaskazini-mashariki zilikuwa zinapanda nyota saba zenye umbo la kata ya kutekea maji, na kusini-mashariki, chini chini, Msalaba wa Kusini. Rafiki yangu wa London, pamoja na makoti yake yote, hawezi kuuona Msalaba huo akiwa kwake. Binti alikuwa kimya. Kisha akaniambia kwa sauti ya chini, kwa Kiswahili cha kwetu mtaani:

"Baba, kukhu mchana anashika ukuta. Usiku hashiki."

Sasa niieleze ile ajenda. Nilikuwa nimekwenda kumchukua mama. Kwa mwaka mzima majirani walikuwa wakinipigia simu kwamba macho yake yamefifia: anamwaga chai kando ya kikombe, amempita mchungaji bila kumsalimu. Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Kumbe jua kali ndilo linalomuumiza na kumpofusha zaidi, na kwenye njia ile anayoijua kwa nyayo, giza halimpunguzii kitu. Mimi nilikuwa nimepanga kumweka Nairobi, ghorofa ya tatu, mahali ambapo asingejua hata mlango mmoja kwa mkono. Sikuwa nimemwambia bado. Baada ya maneno ya mtoto sikuwa na hakika tena nitamwambia nini.

Jioni ya sita walikuja wageni wa kanisa, mama akashindwa kutoka. Nikabeba chupa ya uji mwenyewe, watoto mkononi, kifua mbele. Njia hiyo si ndiyo niliyokulia? Ilitosha nusu ya safari. Zamani kwenye njia panda palikuwa na mvule mkubwa wa kukuelekeza; umekatwa, mbao zake ziko kwenye viti vya mtu. Miwa imefika juu ya kichwa changu pande zote mbili. Nikatembea, nikatembea tena, na udongo ukaanza kuwa laini kama wa bondeni. Nikawasha tochi: miwa. Nikageuka: miwa. Binti akashika ncha ya sweta yangu bila kusema kitu, na moyo wangu ukarudi kwenye migomba ile ya miaka 30 iliyopita.

Mdogo ndiye aliyesema. "Baba, si huku. Huku hakunuki sukari."

Nikamwuliza sukari gani. Akanieleza kwa subira, kama mtu anayemweleza mgeni, kwamba pale njia inapogawanyika kukhu husimama, wote wananusa, halafu wanafuata upande unaonuka sukari. Nikakumbuka. Ng'ambo ya shamba la senge kuna kiwanda kidogo cha sukari nguru, kinachochemsha maji ya miwa kwenye masufuria makubwa hadi usiku. Viwanda vya namna hiyo viko vingi huku, na vilizidi kuwafaa wakulima wakati kampuni ya Mumias, iliyokuwa ikinunua miwa tangu 1973, ilipoyumba hadi ikawekwa chini ya mrasimu mwaka 2019. Kila jioni mama alisimama pale, nami nilidhani anapumzisha magoti.

Tulirudi nyuma, watatu tumeinua pua kama mbwa wa polisi. Ilituchukua muda. Kisha ikatujia, nzito, tamu, yenye moshi kidogo, na mdogo akanyosha mkono gizani akasema, "Hapo." Kirukanjia akaruka mbele yetu kwenda upande huo huo. Senge alilalamika kwamba uji umepoa.

Nilipomsimulia mama usiku huo alicheka hadi akafuta macho kwa leso, hayo hayo macho. Nikachukua nafasi hiyo nikamwambia habari ya hospitali. Sikutaja Nairobi. Nilimwambia upasuaji wa mtoto wa jicho haumalizi hata saa nzima, kwamba huondoa kile kioo cha jicho kilichoingia ukungu na kuweka kingine, na kwamba hapo Busia panatosha, si lazima kwenda mbali. Alisikiliza. Akauliza jicho likifungwa bendeji, uji utapelekwa na nani hizo siku.

"Mimi," akasema mdogo.

Shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu. Bibi yake akamwambia vizuri, basi nitangoja ukifunga Agosti. Nikapinga kwamba Agosti ni mbali, macho hayangoji. Akasema mvua ipite kwanza, na kumbikumbi wa Mei, na palizi. Ndipo tulipoachia. Nimeshaomba likizo ya Agosti kazini, na gambuti za mdogo zimebaki Nambale, nyuma ya mlango, kando ya fimbo.